BORITI HUNEPA KWA SHERIA MOJA, LAMU NA SHIRERE

Shirere hakuna mkoko. Kata hii ya mji wa Kakamega, katika eneo la Lurambi, iko mbali sana na maji ya chumvi, juu ya nchi ya udongo mwekundu iliyo karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mti anaoutegemea fundi wa huko ni mkaratusi, ule mrefu ulionyooka, unaopandwa mashambani kote magharibi mwa Kenya. Hata hivyo mtu wa Lamu, wa Mombasa au wa Unguja akisimama mbele ya nyumba inayojengwa Shirere hatakuwa mgeni kabisa. Atautazama mti uliolazwa kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, na ataujua: ni boriti. Fundi wa huko huenda akaiita bimu, na huenda isiwe mti bali zege lenye vyuma ndani yake. Jina na mwili vimebadilika, kazi haikubadilika.

Kazi yenyewe ni ngumu kuliko inavyoonekana. Nguzo husimama chini ya mzigo, na mzigo huikalia kichwani ukateremka moja kwa moja hadi ardhini. Boriti imelala. Chini yake hamna kitu ila hewa na watu. Mzigo unataka kwenda chini, na boriti ndiyo inayotakiwa iupeleke kando mpaka ukutani, ndipo uteremke. Katika kuupeleka kando hapana budi inepe. Hakuna boriti isiyonepa, hata iwe ya chuma. Tofauti ni kwamba moja hunepa kiasi cha unywele, na nyingine kiasi cha kuonekana kwa macho. Yafaa basi kila mwenye kujenga, awe Shirere au awe Shela, ajue boriti hunepa vipi na kwa nini huvunjika. Mababu zetu wa pwani walilifahamu jambo hili vizuri, na nyumba zao ndizo ushahidi.

MPIKO WA HAMALI

Tuanze na hamali. Watu wawili wakibeba gunia kwa mpiko, kila mmoja na ncha yake begani, gunia likining'inia katikati, kila mmoja huchukua nusu. Gunia la kilo 90 humpa kila mtu kilo 45. Gunia likisogea mbele hata likafika robo ya mpiko kutoka kwa yule wa mbele, yeye amebeba robo tatu ya uzito, na mwenziwe robo moja tu. Hiyo ni hesabu ya mizani, elimu ambayo al-Khazini, mtaalamu wa mji wa Merv, aliieleza kwa urefu katika kitabu chake Mizan al-Hikma cha mwaka 1121. Kuta mbili za chumba ni hao mahamali wawili.

Lakini hayo ni ya mabega. Mpiko nao una habari yake. Gunia likiwa katikati kabisa, mahamali wamegawana sawa na hakuna anayelalamika, na hapo ndipo mpiko unapoteswa zaidi. Unanepa, na gunia likizidi uzito utavunjika papo hapo katikati. Hamali mzoefu anajua dawa mbili: kutafuta mpiko mnene, au kusogeleana na mwenziwe ili mpiko ushikwe kwa ufupi. Dawa ya pili ina nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Mzigo ule ule ukining'inizwa katikati ya mpiko wenye urefu mara 2, nguvu ya kuupinda mpiko huongezeka mara 2, lakini kunepa kwake huongezeka mara 8.

Nyumba ina shida zaidi kuliko gunia. Gunia ni lile lile hata mpiko uwe mrefu namna gani, lakini sakafu hupanuka pamoja na boriti. Ukiongeza upana wa chumba mara 2, kila boriti imeongezewa urefu na imeongezewa mzigo pia. Hapo nguvu ya kuipinda huwa mara 4, na kunepa kwake mara 16. Ndiyo maana chumba cha mita 3 na chumba cha mita 6 havihesabiwi kwa kipimo kimoja. Mwenye kudhani kwamba cha pili ni kile cha kwanza kilichopanuliwa kidogo, na kwamba boriti ile ile itatosha, amekosea mara kumi na zaidi.

CHUMBA HUKATWA KWA BORITI

Tazama nyumba ya mawe ya Lamu. Kutoka dakani unaingia kiwandani, kisha msana wa tini, kisha msana wa yuu, kisha ndani. Vyumba ni virefu na vyembamba, kimoja nyuma ya kingine, na upana wake aghalabu ni kati ya mita 2 na nusu na mita 3. Mtu aliyezoea nyumba za siku hizi huuliza kwa nini matajiri wale, wenye majahazi na mashamba, walikubali kubanwa hivyo.

Jibu liko juu ya vichwa vyao. Sakafu ya juu ilibebwa na boriti za mkoko, na boriti ya mkoko yenye unene wa kuaminika ina urefu wake uliopangiwa na mti wenyewe. Basi fundi hakupima chumba kisha akatafuta boriti. Alipima boriti kisha akakata chumba. Boriti zililazwa kwa njia ile fupi, kutoka ukuta mnene hadi ukuta mnene. Aliyetaka nafasi zaidi alirefusha chumba, kwa maana kurefusha chumba ni kuongeza idadi ya boriti tu. Kila moja hubaki na kazi ile ile. Tajiri aliweza kununua chumba kirefu, zidaka tele na plasta iliyochongwa kwa ustadi. Chumba kipana hakikuwa na bei.

Wakataji nao walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo imo katika lugha. Miti ya mikoko iligawanywa kwa unene: fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Kila jina ni kazi. Tofauti kati yao si ndogo kama inavyoonekana jicho likitazama rundo bandarini. Mti wa mviringo wenye unene mara 2 ya mwenziwe una nguvu mara 8 ya kustahimili kupindwa, na ukaidi wa kutonepa mara 16. Aliyeweka pau mahali pa boriti hakupunguza nguvu kwa nusu. Alibaki na kipande kidogo tu cha nguvu iliyotakiwa.

Juu ya boriti yalipangwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe ikamwagwa chokaa na kokoto na kushindiliwa mpaka ikawa sakafu nene. Mzigo huo ulikuwa mzito, lakini njia ilikuwa fupi. Nyumba nyingi za mawe za Lamu zimesimama tangu karne ya 18.

Sheria hii ilivuka bahari pamoja na miti yenyewe. Al-Istakhri, mwanajiografia wa karne ya 10, aliandika kwamba nyumba za bandari ya Siraf, katika Ghuba, zilijengwa kwa msaji na kwa miti ya nchi ya Zanj. Biashara hiyo iliendelea hata karne ya 20, majahazi yakipakia boriti Lamu na Rufiji na kuzipeleka Oman, Bahrain na Kuwait, mpaka Kenya ilipopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982. Huko nako vyumba vya nyumba za kale vikawa vyembamba. Mkoko wa Afrika Mashariki uliwapimia vyumba watu ambao hawakupata kuuona mkoko ukiwa umesimama majini.

Aliyehitaji ukumbi mpana kabisa, kama msikiti wa Ijumaa, alikuwa na njia moja: kuikatiza safari ya boriti kwa nguzo. Magofu ya msikiti mkuu wa Gedi yaonyesha safu za nguzo za mraba zikiujaza ukumbi. Nguzo hizo huikata safu ya wenye kusali, na hakuna mjenzi wa msikiti apendaye jambo hilo. Walizisimamisha kwa kuwa bila ya nguzo paa lisingekaa.

NDANI YA MTI UNAONEPA

Sasa tuingie ndani ya boriti yenyewe. Msomaji anaweza kulijaribu jambo hili nyumbani. Chukua kipande cha sponji ya godoro, ukikate kiwe kama tofali refu. Kwa kalamu piga mistari ya wima ubavuni mwake, kidole kimoja kati ya mstari na mstari. Kiweke juu ya vikombe viwili, kimoja kila ncha, kisha bonyeza katikati. Itazame mistari. Upande wa juu imekaribiana. Upande wa chini imeachana. Katikati ya kimo umbali wake haukubadilika.

Hivyo ndivyo ilivyo boriti yoyote iliyolazwa juu ya kuta mbili, iwe ya mkoko, ya mkaratusi, ya chuma au ya zege. Juu inagandamizwa, chini inavutwa, na kati yake kuna tabaka lisilogandamizwa wala kuvutwa. Galileo, katika kitabu alichochapisha mwaka 1638, alichora boriti iliyochomekwa ukutani na mzigo ukining'inia nchani, akauliza itavunjika kwa nguvu gani. Alipata kweli kwamba kimo cha boriti kina faida kuliko upana wake, lakini alidhani mti mzima unavutwa, toka juu hadi ukingo wa chini. Ilipita karibu miaka 200 mpaka Mfaransa Navier, katika masomo aliyoyachapisha mwaka 1826, alipoliweka tabaka la kati mahali pake na kuwapa wahandisi hesabu wanayoitumia hata leo.

Kwa kuwa tabaka la kati halina kazi kubwa ya kupindwa, sehemu zinazofanya kazi kweli ni zile zilizo mbali nalo, juu kabisa na chini kabisa. Kadiri zinavyokuwa mbali ndivyo zinavyoshika kwa nguvu. Chukua ubao wa inchi 6 kwa 2, ule unaouzwa kila duka la mbao Kakamega na Mombasa. Ukiulaza kwa bapa lake utanepa ukikanyagwa na mtoto. Ukiusimamisha kwa ubavu, mti ni ule ule, bei ni ile ile, lakini nguvu yake imekuwa mara 3 na ukaidi wake wa kutonepa mara 9. Fundi wa paa anajua hivyo, ndiyo maana husimamisha mbao za kenchi na mtambaapanya kwa ubavu.

Reli nayo ni boriti. Ile iliyotoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901 ilikuwa na kichwa kinene juu, kitako kipana chini, na shingo nyembamba katikati. Chuma kimewekwa palipo na kazi na kupunguzwa mahali pasipo na kazi kubwa. Boriti za chuma za madaraja na maghala zimetengenezwa kwa akili hiyo hiyo.

JIWE HALIPENDI KUVUTWA

Mti una fadhila yake: hustahimili kugandamizwa na kuvutwa pia, maana nyuzi zake zimeshikana kwa urefu. Jiwe halina nyuzi. Ligandamize utakavyo, litavumilia. Livute kidogo, litapasuka. Mafundi wa Kilwa walilijua. Walipoupanua Msikiti Mkuu kuelekea kusini waliuezeka kwa makuba na matao, na katika kuba au tao zuri mawe husukumana tu, hayavutani. Jiwe likapewa kazi inayolifaa.

Zege ni jiwe. Saruji, mchanga, kokoto na maji vikishashikana, nguvu ya kuhimili kuvutwa ni kama sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya kuhimili kugandamizwa. Boriti ya zege tupu, bila ya chuma, ingepasuka upande wa chini na kuanguka, pengine kwa uzito wake wenyewe. Ndipo tunapotia nondo. Nondo haitiwi ili zege liwe gumu kwa jumla, kama chumvi inavyotiwa mchuzini. Inatiwa mahali pale panapovutwa ili ishike mvuto ambao zege haliwezi kuushika. Katika boriti iliyolazwa juu ya kuta mbili mahali hapo ni chini. Nondo nene zikikaa juu na chini pakaachwa patupu, mwenye nyumba amelipa fedha zote za chuma na hakupata boriti.

Tuchukue mfano wa Shirere. Tuseme mwenye kiwanja ataka nyumba ya ghorofa, na chini yake sebule ya mita 6 kwa 5, wazi, bila nguzo. Sakafu ya zege itakayofunika sebule hiyo, ikiwa na unene wa milimita 150, ina zege mita za ujazo 4 na nusu. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa kilo 2,400 hivi. Jumla ni karibu kilo 10,800, yaani tani 10 na zaidi, kama kuegesha matatu tano ndogo juu ya dari, kabla hajapanda mtu wala kitanda. Mzigo huo wote utachukuliwa na sakafu yenyewe na boriti zake, ukapelekwa kwenye kuta na nguzo.

Wahandisi wana kianzio chao: kimo cha boriti ya zege iliyolazwa juu ya kuta mbili hukadiriwa kuwa kama sehemu moja ya 12 ya urefu wake, kisha hesabu kamili hufuata. Kwa mita 3 kianzio hicho ni milimita 250. Kwa mita 6 ni milimita 500, yaani nusu mita ya boriti ikining'inia chini ya dari. Hapa ndipo ugomvi wa mwenye nyumba na mhandisi huanza. Mwenye nyumba haipendi boriti hiyo kubwa machoni; ataka dari laini. Fundi asiye na elimu hiyo humridhisha, akaipunguza kimo na kuongeza nondo mbili. Kumbe kimo kikipunguzwa kwa nusu, ukaidi wa zege wa kutonepa hushuka hata karibu moja ya nane, na nondo mbili hazilipi deni hilo.

Ziko pia zile ringi za chuma chembamba zinazozizunguka nondo. Wengi hudhani kazi yake ni kuzishikilia nondo zisitawanyike tu. Karibu na ukuta boriti haipindwi sana, lakini hukatwa: mzigo wataka kuteremka pale ukutani na kuikata boriti kwa mshazari. Ringi ndizo zinazoushona mkato huo. Kwa hiyo ringi hubanana karibu na kuta na kuachana katikati. Fundi azigawaye sawasawa bila ya kuutazama mchoro huenda akazipunguza pale pale zinapohitajiwa zaidi.

ROSHANI NI BORITI ILIYOGEUKA

Sisi watu wa pwani twapenda roshani, na Shirere nako nyumba ya ghorofa haikosi kibaraza cha kutokeza nje. Roshani ina ukuta mmoja tu wa kuishika. Ncha ya pili iko hewani. Mzigo ule ule, kwa urefu ule ule, ukiwekwa nchani huipinda mara 4 kuliko ungewekwa katikati ya boriti yenye kuta mbili, na kunepa kwake huwa mara 16.

Tena roshani hugeuza mambo. Ikinepa, upande wa juu ndio unaovutwa na wa chini ndio unaogandamizwa. Kwa hiyo nondo zake kuu lazima zikae juu, na ziingie ndani ya jengo kwa urefu wa kutosha ili zishikwe. Sasa fikiri siku ya kumwaga zege: vijana wanapita na ndoo na toroli juu ya nondo hizo, wakizikanyaga mpaka zinalala chini. Zege likizifunika hakuna atakayeona. Roshani itakaa, pengine mwaka, pengine miaka, mpaka siku ya harusi watu 20 watakapotoka pamoja kumtazama bibi harusi.

MIEGA, MVUA NA CHUMVI

Zege bichi halijibebi. Hushikwa na mbao, na mbao hushikwa na miega. Huko Kakamega mwega ni mti wa mkaratusi. Zege la saruji ya kawaida likitunzwa vizuri hufikia kama theluthi mbili ya nguvu yake kwa siku 7, na nguvu lililopimiwa kwa siku 28. Mwenye haraka ya kuzichukua mbao akazipeleke kwenye jengo jingine huiondoa miega mapema, na boriti ikaachiwa mzigo wa mtu mzima ikiwa bado mtoto. Pia zege lahitaji kunyunyiziwa maji kila siku, kwa wiki moja angalau. Kwetu pwani jua hulikausha kabla ya wakati. Kakamega, ambako mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, hatari ni nyingine: mvua kuliosha zege saa ile linapomwagwa, na mchanga uliolowa kuongeza maji ambayo fundi hakuyahesabu. Maji yakizidi, zege hulainika kumwagika, mafundi wakafurahi, na nguvu ikapungua.

Pwani ina adui wa ziada, chumvi. Mchanga wa ufukoni usiooshwa na upepo wa bahari huifikisha chumvi kwenye nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na katika kuvimba hulipasua zege kutoka ndani. Beit al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, ilileta boriti za chuma na nguzo za chuma cha kusubu katika mji uliozoea mkoko, na vyumba vikapanuka na dari zikainuka kuliko ilivyowezekana kabla yake. Sehemu ya baraza zake iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya jengo ilianguka ikaua watu wawili. Chuma kilimruhusu mjenzi aivuke mipaka ya mkoko, lakini chuma nacho kinadai matunzo ambayo mkoko haukuyadai.

Hayo si ya majumba ya kifalme peke yake. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 liliporomoka katikati ya Dar es Salaam na watu 36 wakafa. Tarehe 23 Septemba 2019 madarasa ya shule moja ya Nairobi yaliwaangukia wanafunzi asubuhi, wakafa 8. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo liliua watu zaidi ya 20. Kila jengo lilikuwa na ila zake, na si kila ila ni ya boriti. Lakini popote sakafu inapoanguka, kuna mzigo uliotafuta njia ya kufika ardhini usiipate.

UFA UNASEMA

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa ukuta wa udongo ni kweli. Kwa boriti ya zege yafaa kuongeza neno: usiuzibe kabla hujausoma.

Nyufa nyembamba kama unywele, za wima, chini ya boriti na katikati yake, aghalabu ni zege limeikabidhi nondo mvuto wake, si ajabu. Ukipanuka ufa huo hata ukaingia ukucha, au ukaongezeka mwezi hata mwezi, ni mzigo umezidi. Ufa wa mshazari karibu na ukuta ni wa kuogopwa zaidi, maana ni ule mkato uliokosa ringi, na huo hauna desturi ya kungoja. Ufa unaofuata urefu wa boriti, wenye alama ya kahawia, ni kutu ya nondo. Ufa juu ya sakafu ya roshani, pale inapokutana na ukuta, maana yake ni kwamba watu wasiikanyage tena mpaka itazamwe. Na mlango uliokuwa ukifunga vizuri ukianza kukwama juu, tazama boriti iliyo juu yake kabla ya kumwita seremala aupunguze ubao. Mti hulia kabla ya kuvunjika, na wengi wameokoka kwa kuusikia. Zege mara nyingi husema kwa nyufa tu. Anayeujaza ufa plasta na kuupaka rangi ameondoa onyo na kuacha ugonjwa.

Liko na jambo la wenye maduka, Kakamega na katika miji yetu ya kale pia. Ukuta au nguzo ya chini huondolewa ili duka lipanuke. Aliyeuondoa ukuta wa kati ameifanya boriti ya mita 3 kuwa ya mita 6, na hesabu yake tumekwisha kuiona: kupindwa mara 4, kunepa mara 16, na boriti ni ile ile.

Elimu ya kuyazuia haya haiko mbali. Mjini Kakamega kwenyewe Chuo Kikuu cha Masinde Muliro hufundisha uhandisi wa ujenzi. Wahandisi wa Kenya husajiliwa na bodi yao, na wakandarasi na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Mwenye nyumba hatakiwi kuwa mhandisi. Anatakiwa aulize maneno manne kabla zege halijamwagwa: boriti hii inavuka mita ngapi? Kimo chake ni kiasi gani, na ni nani aliyekipigia hesabu? Nondo kuu ziko upande gani, chini au juu, na kwa nini? Na miega itaondolewa siku ya ngapi? Fundi mwema hatakasirika. Atamwonyesha mchoro, na atashuka naye mpaka chini ya mbao amwonyeshe nondo kwa kidole. Asiye na jibu la mojawapo, heri kazi isimame siku hiyo, Shirere au Mombasa, saruji ikiwa bado imo mifukoni.